Sola ya wati 400 hadi kilowati 5, Kisauni: nini kibaki, nini kitoke?

MkaaKisauni
Salaam wakuu. Paa ni la mabati, nusu kilomita hivi kutoka baharini. Mfumo uliopo ni wa 2014: paneli 4 za wati 100, kontrola ya kuchajia betri ya aina ya PWM, ampea 30, betri 2 za asidi za ampea-saa 200, inveta ya volti 12 yenye wati 1,500. Betri zinazimika hata kabla ya saa tatu usiku. Sasa natakiwa nibebe friji, feni 4, taa 10 za wati 9, TV, ruta na pampu ya maji ya hospawa 1. Nimeshauriwa niongeze paneli 2 za wati 550 kwenye hizo za zamani, kisha nibadilishe betri tu. Yafaa?

FundiWaMajuu
Haifai, kaka. Paneli ya wati 550 isipobebeshwa kitu hufika karibu volti 50, na kontrola nyingi za PWM za volti 12 huungulia hapo. Hata ikinusurika, PWM huiburuta paneli hadi volti ya betri: ampea 13 kwa volti 13 ni wati 170 hivi, nawe umelipia 550. Ukiziunga mfululizo na zile ndogo, mkondo wote utabanwa kwenye ampea 5 na nusu za paneli ya wati 100.

Hesabu ianze na usiku, paa baadaye. Feni 4 za wati 60 kwa saa 10 ni 2.4 kWh, yaani uniti 2.4 za stima. Friji hula kama 1.2 kwa siku, nusu yake ni ya usiku. Taa 0.45, TV 0.4, ruta 0.1. Hapo ni 4 kWh. Tia asilimia 10 inayoliwa na inveta, yawa 4.4. Betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 (ndiyo huitwa ya 48) na ampea-saa 100 ina 5.12 kWh. Yatosha, ila kwa kubana. Pampu iwashwe mchana.

Volti 12 achana nazo. Kilowati 5 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 400, na kila nati iliyolegea hapo ni jiko. Kwa volti 48 ni kama ampea 110: waya wa shaba wa milimita 50 za mraba, fyuzi ya DC (mkondo wa betri na paneli) ya ampea 150, nayo ikae hapo hapo kwenye betri.

Paneli sasa. Inveta nyingi za haibridi (za sola na stima pamoja) za kilowati 5 zataka volti 120 hadi 450 kutoka juu ya paa. Soma kibao cha yako. Paneli 3 za 550 mfululizo ni volti 124 kwenye karatasi. Lakini kwenye mabati ya Mombasa seli hupita nyuzi 60, volti hushuka chini ya 120, inveta inalala saa saba mchana jua likiwaka. Weka 4: volti 166, na kwa saa 5 za jua kamili, ukitoa robo ya hasara, wapata 8 kWh.

BintiBamburi
Mimi 4 siziungi mkono. Masika ya Aprili na Mei mawingu hukaa siku tatu mfululizo, na betri moja isiyo na akiba haitangoja. Weka 6 toka mwanzo: hufika volti 300 zisipobebeshwa kitu, bado salama kwa inveta yenye kikomo cha 500. Na huku hakuna baridi ya kuzipandisha.

Paneli moja ni kilo 28, mita 2.28 kwa 1.13. Reli zikazwe kwenye mbao zinazobeba bati, zisishikilie bati lenyewe, maana upepo wa kusi hunyanyua kutoka chini. Skrubu na nati ziwe chuma cha pua cha daraja 316. Zile za kupakwa zinki, zikigusana na alumini kwenye hewa ya chumvi, hulika upesi. Acha upenyo wa sentimita 10 chini ya paneli, na mwinamo usipungue nyuzi 10 mvua ipate kuosha. Mnazi ukiwa karibu, angalia kuti linapitisha kivuli wapi saa tisa. Kunguru nao, hao hawana dawa. Osha kwa maji matamu. Ya kisima cha chumvi huacha ukungu mweupe kwenye kioo.

MkaaKisauni
Shukran dada. Betri moja ya zamani bado ina nguvu kidogo. Naweza kuiunga sambamba na lithiamu? Na paneli zile?

FundiWaMajuu
Usithubutu. Volti zao za kuchaji hazilingani. Paneli za zamani, kontrola na hiyo betri ziache kama mfumo wake wa volti 12, kwa taa za nje na lango.

Dada ana haki kuhusu 6, ukiwa na nafasi na pesa. Betri usiiweke darini chini ya bati. Ukuta wa ndani wenye kivuli unatosha. Kwenye inveta chagua lithiamu na uzime ikwalaizi (kuchaji kwa volti za juu kwa betri za asidi), la sivyo itaipiga betri volti za asidi na kinga yake itakata kila mara. Swichi ya kukata paneli iwe ya DC. Ya kawaida ya AC haiwezi kuzima cheche ya volti 200 za DC, huyeyuka ikiwa imeshika. Viungio vya MC4, vile vya waya za paneli, viwe vya kampuni moja, dume na jike.

Fundi awe na leseni ya T3 ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, kwa kuwa inveta itaungwa na stima. Kisha mwambie atenge boksi la saketi za sola: taa, soketi za friji, feni. Pasi na birika zibaki upande wa stima. Nyutro za saketi za sola zisichanganywe na za upande wa pili. Zikichanganywa, swichi ya kinga itaruka kila mtu akiwasha birika, na utaanza kuilaumu inveta.