Tupeane uzoefu: kanisa lenu liligawanyika, mlirudianaje?

Binti Kengele (mwanzisha uzi)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wasio wa dini yetu habari zenu.

Nimefungua huu uzi maana juzi rafiki yangu kanipigia simu analia, kanisani kwao wameanza kusali kwa zamu, kundi moja saa moja jingine saa nne, wakipishana mlangoni hata salamu hakuna. Nikamwambia tulia mama, mimi nimekulia humo humo. Naanza na yangu halafu na nyie mlete za kwenu, hata zile ambazo hazikuisha vizuri.

Mimi ni Mlutheri wa Kilimanjaro, nimekulia kwenye kahawa na migomba. Mwaka 1994 nikiwa fomu tuu usharika wetu ulipasuka. Chanzo ukikiangalia leo unaona ni kidogo, mchungaji kahamishwa, wengine hawataki aondoke, wengine wanasema utaratibu ni utaratibu. Ila chini ya hilo kulikuwa na hela za kujenga chekechea, hela za mnada wa ndizi na kuku wa kila Jumapili, hakuna aliyejua zimefika ngapi na zimekwenda wapi. Na chini ya hela kulikuwa na mambo ya watu wa kitongoji cha juu na watu wa kitongoji cha chini, ya tangu mababu.

Jirani zetu wa Meru ndo walikuwa wametoka kwenye mgogoro wao wa kanisa, ule wa mwanzoni mwa miaka ya 90, nyumba zilichomwa. Kwa hiyo serikali ya kijiji iliposikia na huku kwetu watu wameshikana mashati mbele ya madhabahu haikusubiri. Wakaamua mlango mkubwa ufungwe kwa kufuli mbili, ufunguo mmoja anakaa nao mzee wa upande huu, wa pili mzee wa upande ule, hakuna anayeingia bila mwenzake. Wa upande wetu alikuwa baba yangu.

Kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi baba anavaa koti lake la kaki, ufunguo kauchomeka mfuko wa ndani kaufunga kwa kipande cha kanga ya mama, mimi namfuata nyuma maana nilikuwa napiga kengele. Yule mzee mwenzake anatokea njia ya mgombani. Baba anafungua ya juu anasogea pembeni, yule anafungua ya chini. Hakuna neno. Miezi nane! Watu wawili waliobarikiwa kipaimara siku moja, mmoja kamsimamia mwenzake harusi, unasikia tu vyuma vinagonga mlango basi.

Jumapili moja mvua kubwa, yule mzee hakutokea. Saa moja ikapita, saa mbili, watu wa pande zote tumebanana kwenye baraza tunaangaliana tu. Wa kwetu wakaanza kusema ni makusudi, tuvunje. Baba akasema ngojeni, akaondoka mwenyewe na mvua ile. Alimkuta kitandani ana homa kali, malaria imempanda, mkewe anamkanda kwa maji. Na yule mzee, baba alitusimulia hili mara nyingi sana, akainua mto akatoa ufunguo akampa. Hakumpa mtoto wake aulete, alimpa baba mkononi.

Baba akarudi akafungua kufuli zote mbili mwenyewe. Sasa wa upande wetu wakamzunguka, mzee usiurudishe huo, Mungu ametupa, leo kanisa ni letu. Sijawahi kumuona baba amekasirika vile. Akasema nimeazimwa. Neno hilo tu. Ibada ilipoisha akafunga zote mbili, akaurudisha, na jioni akamrudia tena na kijana wa jirani wakambeba kwenye machela mpaka zahanati.

Haikuisha siku hiyo jamani, nisiwadanganye. Lakini kuanzia pale wakawa wanasalimiana, halafu wakawa wanakaa kwenye ngazi kabla ya kengele wanaongea habari za ng'ombe na bei ya kahawa, na sisi watoto wa pande mbili tukaona kumbe inawezekana. Mwaka uliofuata wao wawili ndio waliodai mkutano wa usharika na kwamba mweka hazina alete daftari. Lilisomwa mstari kwa mstari chini ya karabai, kuanzia saa kumi jioni mpaka saa nne usiku, mkungu fulani umeuzwa shilingi ngapi kanunua nani. Ikaonekana nyingine zilikopeshwa watu bila kikao, wapo wa upande wa juu na wapo wa upande wa chini!! Ukimya ulioingia pale nausikia mpaka leo. Ndipo mwinjilisti mmoja mstaafu akasimama akasema mnajua hili kanisa lenu la KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lilikuwa makanisa saba, wengine walifundishwa na wamisionari wa Kijerumani Waleipzig, wengine Waberlin, wengine Wabetheli, wakaungana tarehe 19 Juni 1963 mimi nikiwa kijana, na nyie vitongoji viwili mmeshindwana. Watu wakalia, na wale wenye madeni wakasema mmoja mmoja watalipa lini.

Mjomba wangu, kaka yake mama, hakurudi. Mpaka leo anasali kwingine. Hilo nalo niliseme.

Haya karibuni, kwenu ilikuwaje?

Wa Uasin Gishu

Asante dada, umenikumbusha mbali. Mimi ni wa Kenya, upande wa Eldoret. Sisi kanisa letu halikugawanywa na mchungaji, liligawanywa na uchaguzi wa Desemba 2007. Mnajua yaliyotokea, makabila yakapigana, na Kiambaa hapa karibu na Eldoret watu walikimbilia ndani ya kanisa na wakachomwa humo tarehe 1 Januari 2008, wamama na watoto. Baada ya hiyo mtu anakuambia twende ibada, unaingia vipi? Nusu ya washirika wetu walikuwa kambini pale uwanja wa maonyesho Eldoret, na nusu nyingine walibaki nyumbani, na hao waliobaki wengine vijana wao walikuwa kwa hizo vita.

Viongozi wa siasa walisaini mkataba Nairobi tarehe 28 Februari na ikasemwa mambo yameisha. Kwetu haikuwa imeisha. Watu waliporudi polepole walianza kusali kwa lugha zao, hawa chumba hiki wale chumba kile, na kila mtu anasema si ubaguzi ni kwa sababu wazee hawaelewi Kiswahili vizuri. Tulikuwa tunajidanganya.

Mama yangu alirudi akakuta nyumba haina mlango wala vyombo. Siku moja wamama wa kanisa wa jamii ile nyingine wakamwalika chai, akaenda na woga wake. Mwenye nyumba akamimina chai kutoka kwa chupa nyekundu na mama akaitambua, ilikuwa yake, ilikuwa imechomeka kidogo hapo chini kwa sababu mimi niliiweka karibu na jiko nikiwa mdogo. Mama alikunywa hiyo chai. Hakusema kitu, akashukuru akaenda nyumbani na hakulala.

Siku kama nne baadaye huyo mama mwingine alikuja na chupa, na sufuria tatu, na blanketi, amebeba kwa kichwa mchana kweupe watu wote wakiona. Akasema nilikuona ukiiangalia. Kijana wangu ndiye alileta, nami nilijua zimetoka wapi nikapokea. Hawakukumbatiana wala nini, mama alimwambia ingia basi, akatengeneza chai na hiyo hiyo chupa. Baada ya hapo hao wawili ndio walimwendea pasta wakamwambia hatutaki tena vyumba viwili, tafuta mtu wa kutafsiri kwa hao wazee. Tukaanza na Jumapili moja kwa mwezi. Ilichukua kama miaka mitatu ndio ikawa kila wiki.

Mdau wa Mbeya

Stori nzuri sana ila naomba niseme upande wa pili, msinielewe vibaya. Kuna watu wanatumia neno umoja kuziba watu midomo. Kwetu (sitataja kanisa, ni la kipentekoste) hela za ujenzi zilipotea, sisi vijana tukauliza. Wakaletwa viongozi wa juu wakahubiri ile Zaburi ya 133 ya ndugu kukaa pamoja, tukaambiwa simameni mkumbatiane, tukakumbatiana kweli na machozi yakatoka. Jumatatu tukaomba kuona taarifa ya benki tukaambiwa nyie mna roho ya uasi si jana tu mlisamehe?? Yaani kusamehe kukageuzwa risiti. Ndani ya miezi mitatu hali ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Tukajifunza mengine kwa shida. Kiwanja na jengo ni mali ya bodi ya wadhamini iliyosajiliwa kule RITA (wakala wa serikali wa usajili), si ya mchungaji na wala si ya sisi tuliochanga, kwa hiyo kelele za "kanisa ni letu tumelijenga kwa jasho" hazikutusaidia kitu. Na waliotaka kuanzisha lao ikabidi waende kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, siyo unakodi ukumbi tu unaweka maiki.

Mwisho tukaachana, na naamini ilikuwa sahihi. Lakini tuliachana kwa kikao na barua, bila kumuombea mtu mabaya. Tuligawana viti vya plastiki 120, sitini sitini, na aliyekuwa anahesabu na mimi alikuwa mshenga wangu, yeye anabaki mimi naondoka. Tukifika kwenye kilichovunjika mguu anasema hiki kibaki upande wetu, nyie msianze na mabovu. Nikashindwa kuendelea kuhesabu nikatoka nje. Leo wakifiwa tunaenda na kwaya yetu, tukifiwa wanakuja, spika zao tunatumia. Paulo na Barnaba waligombana mpaka wakaachana njia kwa ajili ya Marko, Matendo 15, na miaka baadaye Paulo yuko gerezani anamuandikia Timotheo mlete Marko ananifaa. Mimi naushikilia huo mstari. Hatujarudi pamoja ila sijafunga mlango.

Kijana wa Kwaya

Yetu fupi. Vita ilikuwa kwenye grupu la WhatsApp kuliko kanisani, watu usiku wanarekodi voisi za dakika kumi wanachambana, asubuhi wako mstari mmoja wanaimba sauti ya tatu. Mwalimu wa kwaya akalifunga grupu, akasema mwenye neno na mwenzake amfuate nyumbani kwake kwa miguu. Nusu ya maneno yaliishia njiani hapo hapo, maana ukitembea kilomita mbili hasira inapungua. Yaliyobaki ndiyo yalikuwa ya kweli na yakaongelewa. Mathayo 18 imesema hivyo hivyo, wewe na yeye peke yenu kwanza, sijui kwa nini sisi huwa tunaanza na kanisa zima.

Ndugu wa Buja

Niko Bujumbura. Sina stori yangu mwenyewe ila naomba niwaachie hii ya kwetu, maana wengi wa huko Tanzania na Kenya hawaijui. Buta, huko Bururi, kuna seminari ndogo ya Wakatoliki. Wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, tarehe 30 Aprili 1997 alfajiri, watu wenye silaha waliingia bwenini wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku Watutsi huku. Vijana walikataa. Wakauawa 40. Tunawaita mashahidi wa udugu, makaburi yao yako hapo hapo Buta yamepangwa kwa mistari na watu wanaenda kuhiji.

Nilienda nikiwa na miaka 20. Unapita kaburi hadi kaburi unasoma miaka ya kuzaliwa unaona wengi walikuwa wa umri wako. Toka siku hiyo nikisikia kanisani watu wanagombania nani akae meza ya mbele natoka nje nakaa kidogo. Siwezi.

Mdau wa Mbeya

Ndugu wa Buja asante. Sikuwa naijua hii. Nimewasomea wanangu sasa hivi.

Binti Kengele swali, zile kufuli ziliishia wapi? Na huyo mjomba yupo?

Binti Kengele

Jamani nimesoma zote nimeshindwa kupika. Wa Uasin Gishu hiyo chupa ya chai sitaisahau, mwambie mama shikamoo.

Kufuli moja iko kwenye kabati la vitabu vya kwaya mpaka leo, ya pili iliota kutu wakaitupa. Baba alifariki 2011, na kwenye lile koti la kaki tukakuta ufunguo bado umefungwa kwa kanga, ule wa kufuli iliyotupwa, hauna kazi yoyote. Mama akasema mpelekeeni mwenzake. Nikaupeleka mimi. Yule mzee alikuwa haoni vizuri, akaupapasa kidole kwa kidole halafu akauliza, hii ni ya juu au ya chini? Nikamwambia ya juu. Akasema basi ni yake, akauweka chini ya mto.

Mjomba yupo, ana miaka 81. Sijawahi kumuuliza ilikuwaje kwa upande wake, sisi wote tulikuwa tunamsema tu. Mdau wa Mbeya umenifanya nifikirie, inawezekana na yeye aliuliza swali la hela mapema kuliko wote akaambiwa mwasi. Jumamosi naenda kwake na mbege (pombe yetu ya ndizi) ya mama, nitakaa nimsikilize. Nitaleta mrejesho hapa hapa.