Ubao wa tanga Kigoma: Kibirizi au Ujiji?

Kijana wa Mwanga
Wakuu, kuna jamaa anahama mji, anauza ubao wa tanga (ule wa kusimama juu yake majini ukishika tanga) pamoja na mlingoti. Anataka jibu kabla ya Jumamosi. Nikinunua, nikajifunzie Kibirizi au Ujiji? Na upepo na maji kujaa na kupwa vikoje?

Mzee Bangwe
Una kilo ngapi? Tanga lina mita ngapi za mraba? Umewahi kupanda? Hujasema hata kimoja. Halafu ziwani hakuna kujaa na kupwa kama baharini. Tanganyika hupanda masika na kushuka kiangazi, basi.

Mpwani
Njoo Paje, Zanzibar, bwana. Kusi na kaskazi vyote viko, na maji ya ndani ya mwamba ni ya kina kifupi.

Mzee Bangwe
Kauliza Kigoma.

Binti Ujiji
Shikamoo Mzee Bangwe. Kaka, usikimbilie Ujiji. Agosti niliingia saa tatu asubuhi, maji ya ufukweni yametulia kabisa. Kumbe kusi linatoka kusini-mashariki, nchi kavu, na ziwa liko magharibi yetu. Nilipotoka kwenye kinga ya miti likanidaka. Kila nikinyanyua tanga naanguka. Nikalala juu ya ubao, nikapiga maji kwa mikono mpaka mabega yakakataa, na nyumba zinazidi kuwa ndogo. Mbele ni Kongo. Boya sikuvaa. Wavuvi wa dagaa waliochelewa kurudi ndio walionitoa, Mungu awabariki. Mpaka leo kusi likilia kwenye bati usiku, usingizi unakata.

Mzee Bangwe
Marahaba mwanangu, pole sana. Ndiyo maana mwanafunzi aingie alasiri, upepo ukitoka ziwani. Ukimshinda, unamrudisha nchi kavu.

Kalalangabo
Alasiri ya Novemba? Wingu jeusi likifunga huna muda wa kugeuka, na mlingoti unaita radi. Kibirizi nako maboti yanapishana kutwa.

Mpwani
Maji baridi pia hayaelezi kama ya chumvi.

Kalalangabo
Tofauti hiyo ni ndogo, ubao hautaihisi. Boya ndilo la kuzungumza.

Kijana wa Mwanga
Nina kilo 82, sijawahi kupanda. Tanga sijalipima, lina kiraka kimoja. Boya hana.

Mzee Bangwe
Kiraka kiko wapi, katikati au pembeni? Piga picha.

Binti Ujiji
Boya zuri mnanunua wapi hapa mjini? Mdogo wangu naye ameanza kwenda na wavuvi usiku.