Mpira laini au mrija mgumu wa kupozea kompyuta?

Muulizaji, Mtwara: Ndugu wataalamu, ninaunda kompyuta ya kuhariri video itakayopozwa kwa maji. Je, kwa joto la huku kwetu, mirija migumu hupoza vizuri kuliko mpira laini?

Jibu, Lindi: Hapana, ndugu yangu, upozaji hutegemea rejeta, feni na pampu. Chukua mpira laini wa EPDM (aina ya mpira wa sintetiki), ambao utakuruhusu kuchomoa kadi ya picha bila kukata upya chochote.

Jibu, Masasi: Naafiki, ingawa mirija migumu ya akriliki, yaani plastiki angavu, inapendeza mno. Hukunjwa kwa hewa ya moto huku kamba ya silikoni ikiwa ndani ili isibonyee, kisha ncha zake husuguliwa kwa msasa, kwani ncha kali hukata oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) za viungio na maji yakavuja. PETG, plastiki nyingine ya mirija migumu, hulainika kwa joto dogo zaidi, hivyo iepuke.