Je, binti asiye na kipaji cha hisabati aache masomo ya sayansi?

Mzazi wa Nyakato:
Ndugu wanajukwaa, binti yangu yuko kidato cha pili na karibuni atatakiwa kuamua kama ataendelea na fizikia na kemia. Mwalimu wake ameniambia waziwazi kwamba hisabati si kipaji chake, nami ningekubali yaishe kama mtoto mwenyewe asingekuwa anakesha na daftari la hisabati na kukataa kusikia habari za mchepuo mwingine. Je, bidii na mapenzi ya somo vitamfikisha mbali, au nitampotezea muda?

Fundi wa Igombe:
Ndugu Mzazi, mimi ni muundaji wa mitumbwi, si msomi wa hisabati, lakini nimefundisha vijana wengi. Mmoja alikuja na jicho la ajabu: aliutazama ubao mara moja, akaukata, ukakaa kwenye mbavu za mtumbwi kana kwamba umeota hapo. Ilipofika kazi ya kukalafati, yaani kuinama kutwa nzima ukishindilia pamba kwenye maungio, alichoka akaenda kutafuta kibarua soko la samaki la Mwaloni. Mwenzake, mzito wa kuelewa, alibaki. Kila nilipopitisha kidole kwenye mshono na kukuta pamba imelegea, aliing'oa na kuanza upya bila kununa, na leo wenye mitumbwi wa Kayenze humuulizia yeye kabla yangu.

Mtazame pia mkimbiaji wa marathoni Alphonce Simbu wa Singida: alikuwa wa 5 kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba kwenye mashindano ya dunia ya London mwaka 2017, akawa wa 17 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, na ndipo mwaka 2025 akawa bingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03. Asiyeipenda kazi hiyo angekwisharudi kulima alizeti.

Mwalimu Mstaafu, Ilemela:
Fundi amenena vyema, ingawa kipaji tusikidharau. Hata Simbu hakuazima mapafu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa mazoezi yalieleza takriban asilimia 21 ya tofauti za viwango katika muziki na 18 katika michezo, kwa hiyo anayesema bidii ni kila kitu anatia chumvi. Hata hivyo, kipaji huwezi kumwongezea mtoto, ilhali muda na usahihishaji unaweza. Ninachotaka kujua ni hiki: binti akikosa swali, hufanya nini baada ya hapo? Kukesha peke yake hakumsaidii iwapo anarudia njia ileile iliyompoteza.

Mzazi wa Nyakato:
Ahsante, Mwalimu. Nimelifungua daftari lake: maswali aliyokosa yana alama nyekundu tu, na hakuna hata moja lililofanywa upya. Nimemwambia sayansi haachi. Kama kuna anayemfahamu mwalimu wa jioni hapa Nyakato anayesahihisha hatua kwa hatua, naomba anielekeze.