Mbolea ya ruzuku: namba yangu inasoma mifuko minne imetoka, na sijachukua hata mmoja

Mkulima wa Mbozi
Habari za jioni wakuu. Nalima mahindi ekari tatu huku Mbozi, Songwe. Msimu wa 2022/2023, ule wa kwanza wa ruzuku hii, nilipata DAP, mbolea ya kupandia, kwa 70,000 mfuko wakati bei ya soko ilipita 130,000. Mavuno ya mwaka ule ndiyo yaliyolipa ada ya binti yangu.

Jana nimeenda kwa wakala na fedha ya mifuko mitatu ya kupandia. Kaingiza namba yangu ya mkulima, kisha akanigeuzia simu nijionee: mifuko minne imeshatoka kwa jina langu. Nilikosa la kusema. Mvua za kwanza zimedondoka, majirani wanapanda. Nianzie wapi? Polisi? Kwa mtendaji? Au ninunue tu kwa bei kamili niwahi msimu?

Jembe Kali
Pole sana ndugu. Kabla hujamshika mtu shati, ile laini uliyoandikishia bado unayo? Mimi kila nikinunua inaingia meseji.

Mkulima wa Mbozi
Umenikumbusha. Siku ya kuandikishwa laini yangu ilikuwa imefungwa, nikatoa namba ya mdogo wangu. Siku hizi yuko Tunduma.

Mama Ghala
Muulize mdogo wako kwa upole, maana huenda hahusiki kabisa. Wengi hatujaelewa ruzuku hii inavyotembea. Wewe hupewi fedha mkononi. Unalipa bei iliyopunguzwa, na ile tofauti serikali inailipa kampuni ya mbolea baada ya mauzo kuonekana kwenye mfumo. Kwa hiyo namba yako ni fedha, mwanangu. Aliyeipata anaweza kuonesha umenunua, kumbe mbolea imekwenda kwa mlanguzi.

Enzi za vocha, zile karatasi za ruzuku ya mbolea za kuanzia 2008, tuliyaona haya haya. Marehemu mume wangu alisaini vocha akapewa elfu kumi, mbolea hakuiona. Mahindi yalitoka ya njano mwaka ule, na mpaka leo naumia nikikumbuka. Usinyamaze.

Shamba Langu
Mkuu, nunua kwa bei kamili upande. Kesi itakula msimu.

Mgani Mstaafu
Sikubaliani. Akinyamaza, msimu ujao namba itachezewa tena.

Kesho asubuhi nenda kwa mtendaji wa kijiji na kitambulisho chako, uone daftari la wakulima limekuandikia ekari ngapi. Kwa ekari tatu, kwa kawaida ni mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kila ekari, yaani sita. Ikiwa ndivyo, miwili bado ni yako, ichukue mapema. Kisha mwone afisa kilimo wa halmashauri. Muulize mambo matatu tu: wakala gani, tarehe gani, mbolea gani. Malalamiko yaandike kwa barua, igongwe muhuri, ubaki na nakala. Wakikuzungusha, TFRA, mamlaka ya serikali ya kusimamia mbolea, wana ofisi ya kanda Mbeya. Polisi utakwenda ukiwa na karatasi mkononi. Na laini ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Mkulima wa Mbozi
Mrejesho, wakuu. Mdogo wangu meseji anazo, mbili. Alidhani ni mimi nimenunua, hakuona sababu ya kupiga simu. Nimemwelewa. Afisa kilimo amefungua mfumo mbele yangu: Urea, ile ya kukuzia, mifuko minne, siku moja, kwa wakala wa kata ambayo sijawahi kukanyaga. Barua imegongwa muhuri, nakala ninayo, na namba ya simu sasa ni yangu mwenyewe.

Mifuko miwili nimeichukua kama DAP. Kesho alfajiri tunapanda ekari mbili za bondeni. Ya tatu naisubirisha mpaka Ijumaa, siku niliyoambiwa nirudi halmashauri.

Mama Ghala
Ijumaa usiende peke yako. Nenda na mjumbe wako.