Tupeane uzoefu: mzungumzaji wa Kiarabu na maneno ya Kiingereza ya kila siku

Mwanzisha mada, Muscat

Assalaam alaykum ndugu na jamaa. Naomba tukusanye hapa visa vyetu vya kweli kuhusu jambo moja: namna mtu ambaye Kiarabu ndiyo lugha yake ya kusomea anavyoyakosa, na hatimaye anavyoyashika, maneno ya Kiingereza ya jikoni, dukani, hospitalini na kazini. Walimu waliofundisha Waarabu, na wenzetu waliofanya kazi katika nyumba zao, nao wana mengi ya kusema, kwa hiyo wasijione wageni katika mada hii.

Naanza mwenyewe. Nilikulia Muscat katika nyumba ambamo bibi yangu, mzaliwa wa Unguja, alitusemesha Kiswahili, ilhali shuleni na mitaani tulizungumza Kiarabu. Kiingereza nilikianza darasa la nne, kama rika langu lote, kwa kuwa mageuzi ya elimu yaliyokishusha hadi darasa la kwanza yalianza mwaka 1998, na sisi tulikuwa tumeshapita. Wakubwa wetu waliorejea Oman kutoka Zanzibar baada ya mwaka 1970 walikuja na Kiingereza chao, na wengi wao walipata kazi nzuri kwa sababu hiyo. Sisi wajukuu ndio tulioanza upya.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mapokezi katika hoteli moja ya hapa mjini. Siku ya tatu mgeni alipita kwa haraka akaniachia kikaratasi kilichoandikwa "ironing board, please", pamoja na namba ya chumba chake. Neno la kwanza sikulijua. La pili nililisoma "bread", nikaamini kwamba hilo la kwanza ni jina la aina fulani ya mkate, nikapiga simu jikoni na kuwaomba wapeleke mkate mzuri kuliko yote waliyokuwa nayo. Wakapeleka kikapu kizima, na siagi juu yake.

Nilitaabika muda mrefu kabla ya kuelewa kosa hilo lilitoka wapi, kwani sikuwa mvivu na herufi zote nilizijua. Sisi tuliopita chuoni, yaani madrasa ya Kurani, tunakumbuka kwamba Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, ina alama za irabu zote, fataha (a), kasira (i) na dhuma (u), lakini gazeti la Kiarabu halina: irabu fupi haziandikwi, na msomaji huzijaza mwenyewe kwa kuijua lugha. Jicho langu, kwa miaka kumi na zaidi, lilikuwa limefunzwa kushika konsonanti na kuyaachia mengine akili. Kwa jicho la namna hiyo, "bread", "bird", "beard", "board" na "broad" ni neno moja, b-r-d, lililovaa nguo tano. Nilichofanya ni kununua kalamu nyekundu: kila neno jipya niliandika konsonanti zake kwa rangi ya buluu na irabu zake kwa nyekundu, kisha nikalisoma kwa sauti kama nilivyokuwa nikisomeshwa chuoni, herufi kwa herufi. Ilichukua karibu mwaka mzima kabla jicho halijaanza kuziona hizo nyekundu hata pale zilipoandikwa kwa wino mweusi.

Mwalimu wa Jioni, Nairobi

Kwanza nampa pole dada wa Muscat kwa mkate wake.

Nilisoma Cairo, katika Chuo Kikuu cha Al-Azhar, na kwa kuwa fedha za kujikimu hazikutosha nilifundisha Kiingereza jioni katika sebule za watu, kwa Wamisri na kwa Wairaki waliokimbilia huko baada ya vita vya mwaka 2003. Kiarabu hakina sauti ya p wala ya v. Mwanafunzi wangu mmoja, mhasibu mtu mzima, alinieleza kwa utulivu kabisa kwamba amechelewa kwa sababu hakupata mahali pa kubweka, kwa kuwa "park" ilimtoka "bark". Dawa ya hili ni ya zamani na bado inafanya kazi: mwanafunzi anashika kipande cha karatasi laini mbele ya midomo, akisema p karatasi inaruka, akisema b inatulia. Mhasibu yule alitembea nacho mfukoni muda wote niliomfundisha.

Kwa konsonanti zinazofuatana mwanzoni mwa neno, Mmisri aliniambia "filoor", Mwiraki akasema "ifloor", na kila mmoja akamcheka mwenzake kwa kuharibu neno la sakafu. Nasi tusiwacheke, kwa maana sisi ndio tuliofanya "glass" kuwa gilasi na "brush" kuwa burashi. Katika ugomvi huo Mmisri yuko upande wetu.

Lakini jambo ninalotaka hasa kulisema linahusu daftari. Karibu wanafunzi wote waliandika matamshi ya neno la Kiingereza kwa herufi za Kiarabu pembeni, na hapo ndipo madhara yalipoingia, kwa sababu neno lililosikika vizuri darasani lilifika nyumbani likiwa limeshageuka: p imekuwa ba, v imekuwa fa, e na i zimekuwa kasira moja, na "pen" na "pin" haziachani tena. Wazee wetu wa Lamu na Pate walipoandika tenzi kwa herufi za Kiarabu waliijua shida hiyo, kwani ba moja iliweza kusimama badala ya b, ya p na hata ya mb. Ila msomaji wao alikuwa Mswahili, akijua neno kabla ya kulisoma. Mgeni wa Kiingereza hana bahati hiyo. Niliwaambia wanafunzi kwamba kama hawawezi kuacha zoea hilo, basi waazime ile herufi ya Kiajemi, ba yenye nukta tatu chini, waiweke kila penye p. Wengine waliiacha kabisa hati ya Kiarabu ndani ya daftari la Kiingereza, na hao ndio walioendelea haraka zaidi.

Yaya Mstaafu, Kilifi

Mimi sikusomea ualimu. Nililea watoto watatu mjini Jeddah kwa miaka sita, na madamu alinitaka nizungumze nao Kiingereza tu, ingawa Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la nane. Wao walinifundisha Kiarabu bila kujua, nami niliwafundisha Kiingereza nikijua kidogo.

Mtoto wa kati alikuwa akiniambia "open the light" kila jioni, kwa sababu kwao taa hufunguliwa na kufungwa kama mlango. Hilo nilimrekebisha. Jirani yao, Mmisri, alisema kwamba yeye hunywa sigara, na hilo pia nilimrekebisha kwa adabu, maana Kimisri ndivyo kinavyosema na Kiingereza hakikubali. Nilijiona mwalimu kweli. Mpaka siku ambayo yule mdogo alijigonga kwenye meza, akaja analia kwamba ameumia "finger" ya mguu, nami nikambembeleza nikiwa nakubaliana naye kabisa: ndiyo, mwanangu, "finger" ya mguu. Madamu, ambaye alisoma nje, alisimama mlangoni akatucheka sote wawili.

Kumbe Kiarabu na Kiswahili chetu vinakata mwili mahali pamoja. Kidole ni kidole, kiwe cha mkono au cha mguu, na Mwarabu naye ana neno moja. Mwingereza ana mawili, "finger" na "toe". Sisi tuna mguu, yeye ana "leg" na "foot". Saa ya mkononi, saa ya ukutani na saa nzima ya kusubiri basi, kwetu na kwa Waarabu zote ni saa, na neno lenyewe tulilipata kwao, ilhali Mwingereza anataka maneno matatu. Tangu siku hiyo nilianza kujiangalia mimi mwenyewe kabla ya kumwangalia mtoto. Pale ambapo Kiswahili changu kilikuwa na neno moja tu, nilijua na yeye huenda ana moja tu, basi tulikwenda pamoja kumwuliza madamu.

Upande wa jamaa mambo yaligeuka. Nilipowafundisha "uncle", mkubwa wao alikataa katakata. Aliniuliza, ni amm au ni khal? Nikamjibu kwamba Kiingereza hakiulizi. Akasema basi hao Waingereza hawawajui jamaa zao, nami, kwa kuwa najua tofauti ya baba mdogo na mjomba, sikuwa na la kumjibu.

Msindikizaji, Nizwa

Kwa kifupi. Nilimsindikiza mzee mmoja wa huku bara kwenda kutibiwa Bangkok. Kusoma Kiarabu alikuwa hodari, Kiingereza hakukijua, na tarakimu alizozizoea ni zile zinazoandikwa kwa Kiarabu, ambazo tarakimu yake ya moja inafanana na 1 hii tunayoandika sisi, sifuri yake ni nukta, na tano yake ni kiduara. Daktari alikuwa chumba namba 10. Mzee akasoma 15, akaenda akaketi huko kwa subira ya ajabu, nami nikazunguka ghorofa nzima nikimtafuta. Saba yetu nayo inafanana sana na sita yao. Kwa hiyo anayewafundisha wazee asianze na salamu. Aanze na namba za vyumba, bei na saa za dawa.

Mla Ukwaju, Unguja

Niliwahi kusomesha wanafunzi waliotoka Sudan na Yemen, na swali walilonichosha nalo ni hili: mzizi wa neno hili ni upi? Ukitaka kuelewa kwa nini wanauliza, tazama Kiswahili chako mwenyewe. Kitabu, katibu na maktaba ni ndugu wa tumbo moja, k-t-b, na kwa Mwarabu ofisi, maktab, nayo ni ndugu yao. Anayejua mmoja anawanusa wengine. Kisha anaingia Kiingereza, anakuta "book", "secretary", "library" na "office", watu wanne wasiojuana. Anahisi kwamba lugha hii haina ukoo, na kila neno ni yatima wa kulelewa peke yake.

Ndiyo maana nilianza na maneno yenye ukoo unaoonekana, kama "bake", "baker" na "bakery", au "teach" na "teacher", ili roho zitulie. Halafu niliwaonyesha maneno yao wenyewe yaliyohamia Ulaya: "sugar" ni sukkar, "cotton" ni qutn, "sofa" ni suffa, "mattress" ni matrah, na "tamarind", yaani ukwaju ninaoupenda, ni tamr hindi, tende ya Kihindi. "Tariff" ya ushuru ina mzizi mmoja na taarifa yetu ya habari. Na "safari" Waingereza waliichukua kwetu, sisi tukiwa tumeichukua kwa Waarabu, kwa hiyo Mwarabu anapojifunza neno hilo kwa Kiingereza anampokea mtoto wake aliyerudi kwa njia ya Mombasa.

Mwalimu wa Jioni, Nairobi

Ndugu wa Unguja, hayo ni matamu na darasa hulipenda, lakini naona yanamnufaisha mwalimu kuliko mwanafunzi. "Sugar" atalishika siku ya kwanza hata usipomweleza nasaba yake. Linalomuua ni "get". Mtu anaamka, anapanda basi, anashuka, anapata nafuu na anaelewa mzaha, na kote huko Mwingereza anasema "get" na kijineno kidogo nyuma yake, au bila hata hicho. Vivyo hivyo "put": kuvaa, kuahirisha, kuzima moto. Neno zito kama "refrigerator" halijapata kumshinda mwanafunzi wangu hata mmoja, ila "put off" iliwashinda wengi.

Mla Ukwaju, Unguja

Nakubali, mwalimu, na nitakupa nilichotumia hapo. Kiarabu chenyewe kina mtego huo, na kila aliyesoma nahau anaujua: raghiba fi ni kulitaka jambo, raghiba an ni kulipa kisogo. Kitenzi ni kilekile, kijineno kimebadilika, maana imegeuka kinyume. Nilipoliandika hilo ubaoni kabla ya "put on" na "put off", mwanafunzi mmoja kutoka Yemen aliyekuwa akinuna muda wote alicheka peke yake, akasema kumbe Waingereza nao ni watu. Baada ya hapo nilikataza kuandika "put" peke yake daftarini. Iliandikwa na mkia wake, na kando yake tendo lenyewe lililofanywa darasani: koti limevaliwa, mshumaa umezimwa, mtihani umesogezwa hadi Jumatatu, jambo ambalo waliliombea lisiishie kwenye mfano.

Yaya Mstaafu, Kilifi

Samahani, mimi bado niko nyuma. Dada wa Muscat, yule mgeni alifanyaje na mkate?

Mwanzisha mada, Muscat

Shangazi, alikula vipande viwili, kisha akashuka mapokezi mwenyewe, shati lake lenye mikunjo mkononi, akanionyesha kwa vitendo mkono ukipita mbele na nyuma. Nikamwelewa mara moja, nikampeleka chumba cha kufulia. Tulipofika akaigonga ile mbao ya kupigia pasi kwa kidole na kulitamka neno lake polepole, mara mbili, nami nikalirudia nyuma yake.