NYUMBA YA BIBI 🏠

*Jumatano*

Shangazi Zuhura, 2:05 usiku: Asalaam alaykum. Ijumaa baada ya laasiri barazani kwa Bibi, habari ya Naufal kuacha bendi aimbe peke yake. Kila mtu aseme yupo au hayupo.

Shangazi Zuhura, 2:48 usiku: Tiki za buluu 19, jibu hata moja. Haya.

Ami Seif, 3:02 usiku: Kwani mtoto kakosa nini? Freddie Mercury huyu wetu alozaliwa hapa Mji Mkongwe si alitoa albamu yake 1985, kenda kurekodi Munich huko, na bendi yake Queen haikufa? Aprili katoa albamu, Julai 13 yuko Wembley na wenzake kwenye tamasha la Live Aid uwanja mzima unampigia makofi

Rashid Ngoma, 3:04 usiku: Ami, Freddie hakuwaaga wenzake kwa stetasi. Tena yeye hata si wa mwanzo, mpiga ngoma wao Roger Taylor alitoa yake 1981 kwa hiyo kwa utaratibu mie ndo nlotakiwa nitangulie 😂

Maryam, 3:05 usiku: Na albamu yenyewe kamtunuku paka wake Jerry 😹 Naufal atamtunuku yule alokula changu wa Shangazi

Shangazi Zuhura, 3:05 usiku: Msinikumbushe changu yule. Ijumaa nani yupo?

Rashid Ngoma, 3:11 usiku: Lakini mie nasema ukweli, kuimba peke yake si tatizo, Freddie nyimbo zote 11 kaandika mwenyewe, huyu wetu anaondoka na mbili tulotunga sote pale ukumbini umeme umekatika tunamulika kwa simu, ile ya pili hata kibwagizo changu

Ami Seif, 3:14 usiku: Wenzake Freddie nao alipokufa si walichukua mbili zake wakazipiga upya wakazitia kwenye albamu ya 1995. Nyimbo za ndugu hazina mwenyewe

Shangazi Zuhura, 3:15 usiku: Seif weye usitie neno. Kinanda ulichoondoka nacho 1999 kiko wapi?

Ami Seif, 3:15 usiku: Kilikuwa kibovu kile!!

Shangazi Zuhura, 3:16 usiku: Kibovu ukamuuzia nani?

Rashid Ngoma, 3:16 usiku: 🍿

Maryam, 3:30 usiku: Bibi nimemsomea yote. Anasema niandike hivi hivi: "Aende akaimbe, nimempa radhi. Gitaa la babu yenu halivuki kizingiti."

Shangazi Zuhura, 3:52 usiku: Sawa Bibi.

Rashid Ngoma, 3:53 usiku: Sawa Bibi

Ami Seif, 4:10 usiku: Inshallah.

Naufal, 6:20 usiku: Ndo naona sahivi samahanini nlikuwa studio. Shkamoo Bibi. Gitaa liko huku tangu juzi ila ntalirudisha. Ijumaa laasiri siwezi, labda baada ya magharibi

*Alhamisi*

Shangazi Zuhura, 12:01 asubuhi: Labda??

Khadija (Muscat), 1:40 asubuhi: Mie sipo lakini niwekeni kwenye simu. Changu gani huyo?